Gari Likigoma Kuwaka, Lisikilize Kabla ya Kununua Kifaa

  

Leo hatutazungumza juu ya mbegu, wala mbolea, wala wadudu. Tutazungumza juu ya pikapu. Najua wapo watakaouliza, "Gari lina uhusiano gani na kilimo?" Jibu ni fupi. Zao lililobaki shambani kwa sababu gari halikuwaka halina tofauti kubwa na zao lililoliwa na wadudu. Jasho ni lile lile, na hasara ni ile ile.

Wenzetu wa Mtwara wanalijua jambo hili vizuri. Zamani kulikuwa na reli iliyojengwa wakati wa mpango wa karanga wa Waingereza, ikitoka bandarini Mtwara kuelekea Nachingwea. Reli hiyo ilifungwa mwaka 1962, na leo limebaki jina tu, maana katika mji wa Mtwara iko kata inayoitwa Reli. Tangu hapo kila gunia la korosho hutembea kwa barabara. Na ulipoanza mfumo wa stakabadhi ghalani mwaka 2007, kazi ya mkulima ikawa kuhakikisha korosho zake zimefika katika ghala la chama cha msingi, zimepimwa, na zimeandikwa kabla ya mnada. Mnada haumngoji mtu ambaye gari lake limelala.

Basi nawaombeni tufike pamoja Magomeni, Mtwara mjini. Nilikwenda huko mwezi wa Desemba kwa ajili ya kipindi hiki, nikamkuta mzee mmoja amesimama mbele ya pikapu yake, boneti liko juu, na vijana wanne wamekaa kivulini wakisubiri kusukuma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umefika siku mbaya. Gari imenigomea."

Shamba lake liko upande wa Nanguruwe. Magunia yake ya korosho yalikuwa huko, chini ya banda lenye bati lililotoboka, na mawingu yalikuwa yanapanda kutoka baharini. Nanyi wakulima wa korosho mnajua kwamba korosho ikilowa baada ya kuanikwa, rangi inaharibika na daraja linashuka. Lakini si hilo tu lililomuumiza mzee. Wiki mbili kabla ya siku ile gari lilikuwa limegoma vile vile. Mtu mmoja akaja, akasikia sauti ya stata, akasema bila kugusa kitu, "Betri hiyo imekufa." Mzee hakuwa na fedha mkononi, akauza magunia mawili kwa bei ya kangomba, yaani bei ya kutupa, akanunua betri mpya. Gari likawaka siku ile, na siku chache zilizofuata. Sasa betri ni mpya, magunia mawili yamekwenda, na gari limegoma tena.

Kisa cha mzee huyu nitakimalizia mwishoni. Kwanza tujifunze namna ya kuliuliza gari, maana gari lisilowaka si bubu. Linasema. Tatizo ni kwamba sisi tunakimbilia duka la vifaa kabla ya kulisikiliza.

Ndugu mkulima, gari likigoma, weka gia katika nafasi ya bure, vuta breki ya mkono, kisha piga stata mara moja tu na usikilize. Usipige mara kumi. Ukipiga mara kumi utaimaliza betri, na hapo utakuwa umeongeza ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza. Utasikia moja ya mambo mawili. Ama injini haizunguki, ama injini inazunguka vizuri lakini haishiki moto. Hayo ni magonjwa mawili tofauti kabisa. La kwanza ni la umeme wa betri na stata. La pili, mara nyingi, ni la mafuta, na kwa gari la petroli ni la mafuta au cheche. Mtu anayenunua betri wakati injini inazunguka vizuri amepoteza fedha. Vivyo hivyo anayefungua pampu ya mafuta wakati injini haizunguki hata kidogo.

Tuanze na injini isiyozunguka.

Washa taa kubwa za mbele, umwombe mwenzako akae mbele ya gari azitazame, na wewe piga stata. Taa zikizimika kabisa mara tu unapopiga, halafu zikarudi ukiachia ufunguo, tazama vichwa vya betri. Mara nyingi mahali waya unapobana pamelegea au pana uchafu. Taa zikififia taratibu na stata ikalalamika, ngo… ngo… ngo, betri imepungua nguvu, au kitu kinaizuia injini isizunguke. Ukisikia ta-ta-ta-ta ya haraka kama cherehani, hiyo nayo ni dalili ya betri iliyochoka au ya waya usiobana. Lakini taa zikibaki kali kama jua la mchana, na stata ikasema "ta!" mara moja tu au ikanyamaza kabisa, usiilaumu betri. Umeme upo, ila haufiki kwenye stata. Hapo kosa liko njiani: ni swichi ya ufunguo, ni waya mwembamba unaoipa stata amri, ni stata yenyewe, au ni waya wa hasi, ule ambao mafundi huuita ethi.

Labda utauliza, "Itawezekanaje taa ziwake na honi ilie, halafu stata ishindwe?" Swali zuri. Taa mbili za mbele hula umeme wa ampea kumi hivi. Stata ya injini ya dizeli hula ampea mia mbili, na pengine zaidi. Fikiria bomba la maji lililojaa matope. Kikombe utakijaza, lakini ukitaka kujaza pipa kwa dakika moja, huwezi. Waya ulioliwa na kutu ni bomba lile. Kwa taa unatosha, kwa stata hautoshi. Ile "ta!" unayoisikia ni swichi kubwa iliyo juu ya stata, nayo hula umeme kidogo tu, kwa hiyo inaitika. Stata yenyewe ndiyo inayokosa.

Kama unayo mita ya kupimia umeme, au jirani yako fundi redio anayo, kazi inakuwa nyepesi zaidi. Betri ya gari dogo ina vyumba sita, kila kimoja kikitoa volti mbili na kidogo. Betri iliyojaa, gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, huonyesha volti 12.6 hivi. Ikionyesha 12.2, imebaki karibu nusu. Ikiwa chini ya 12, imekwisha chaji. Unapopiga stata haifai kushuka chini ya volti 9.6 au 10. Na injini ikishawaka, mita ipande kati ya 13.8 na 14.4. Isipopanda, alteneta haichaji, na hata ukinunua betri tatu zote zitakufa moja baada ya nyingine. Jambo hili lipimwe kabla mtu hajafungua pochi.

Sasa nisemeni nanyi hasa mnaoishi pwani, kuanzia Mikindani na Magomeni hadi Msimbati na vijiji vya mlango wa Ruvuma. Magari yenu yana maadui wawili ambao gari la Songea au la Njombe haliwajui sana.

Adui wa kwanza ni chumvi. Upepo wa bahari huibeba, na usiku unyevu huilaza juu ya kila kitu cha chuma. Tena wengine wetu hubeba samaki wabichi na magunia ya chumvi katika pikapu ile ile. Maji ya chumvi hudondoka, yanapita katika mashimo ya bodi, yanatua juu ya chesisi na nyaya. Chuma kinashika kutu, na shaba inaota ukoko wa kijani.

Adui wa pili mnamleta wenyewe, naye ni salfa. Kuanzia mwezi wa Mei au Juni, mnapopambana na ubwiriunga, salfa ya unga hubebwa katika pikapu hizo hizo, na mfuko mmoja ukipasuka unga unaingia kila mahali. Salfa ni dawa njema kwa mkorosho, lakini na shaba haipatani. Ikiigusa shaba, hasa penye unyevu, huila na kuifanya nyeusi. Pia huziba filta ya hewa. Kwa hiyo, baada ya msimu wa kupuliza, gari lifagiliwe, lipulizwe, na lioshwe kwa maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi. Usilioshe kwa maji ya bahari, wala ya kisima chenye chumvi, ukadhani umelisafisha.

Haya, tuje kwenye kazi ya mikono. Ukiona ukoko mweupe au wa kijani juu ya vichwa vya betri, fanya hivi. Zima gari na kila kitu kinachokula umeme. Usivute sigara wala kuwasha kibiriti, kwa sababu betri hutoa gesi inayolipuka. Fungua waya wa hasi kwanza, wenye alama ya kutoa. Kisha fungua wa chanya, wenye alama ya kujumlisha. Ukianza na chanya na spana yako ikagusa bodi, utaona cheche kubwa. Chukua maji ya uvuguvugu uliyoyayeyushia magadi kidogo, mimina juu ya ukoko. Utatoka povu, maana magadi huua tindikali. Angalia yasiingie katika vyumba vya betri. Suuza kwa maji safi, kausha, sugua kwa msasa mpaka risasi ing'ae, kisha rudisha waya wa chanya kwanza, wa hasi mwisho. Kaza. Ukiusokota waya kwa mkono usicheze hata kidogo. Mwisho paka grisi juu yake ili chumvi isipate mlango.

Na kama betri yako ni ya kuongezwa maji, ongeza maji ya betri yanayouzwa madukani. Usiongeze maji ya kisima, na usiongeze tindikali. Tindikali ikikurukia, osha papo hapo kwa maji mengi. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi bila kukoma, kisha nenda hospitali.

Vichwa vikiwa safi na stata bado inasema "ta!" huku taa ni kali, sasa kipime kile kitu ambacho watu wengi hukisahau, yaani ethi. Umeme hutoka chanya ya betri, unafanya kazi katika stata, halafu lazima urudi katika hasi ya betri. Njia ya kurudi hupitia chuma cha injini, kisha waya mpana unaoiunganisha injini na bodi au na betri yenyewe. Waya huu hukaa chini, mahali pa matope, mafuta na chumvi. Haonekani adui, lakini ndiye anayekula fedha za watu.

Kipimo chake hakina gharama. Chukua waya mnene mmoja wa kubusti. Upande mmoja bana katika hasi ya betri. Upande wa pili bana katika chuma kitupu cha injini yenyewe, mbali na feni na mikanda. Piga stata. Ikizunguka kwa nguvu, umeukamata ugonjwa: ethi imekufa. Isipobadilika, ethi haina kosa, endelea mbele.

Mbele ni stata yenyewe. Mwambie mtu apige ufunguo, na wewe igonge stata polepole kwa mpini wa nyundo. Ikishtuka na kuzunguka, kaboni zake zimekwisha, ipelekwe kwa fundi wa umeme wa magari. Hiyo si dawa, ni kipimo tu, na pengine itakufikisha nyumbani. Na ukisikia stata inalia "zzzz" kwa kasi lakini injini haigeuki, kigiya cha stata hakishiki. Hilo nalo ni la fundi.

Neno moja juu ya kubusti. Kama betri kweli imeisha chaji na jirani ana gari, waya mwekundu uanze katika chanya ya betri iliyokufa, uende katika chanya ya betri nzima. Waya mweusi uanze katika hasi ya betri nzima, umalizikie katika chuma cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri. Lakini tahadhari: malori mengi makubwa yanayokuja kubeba korosho yana umeme wa volti 24. Pikapu yako ni volti 12. Usiziunganishe. Utaunguza vitu vya thamani kubwa kuliko betri.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wa pili: injini inazunguka vizuri, stata ina nguvu, lakini haiwaki.

Hapa kwanza waambie vijana wakae chini, wasisukume. Kusukuma gari ni kufanya kazi ya stata kwa misuli ya watu. Kama stata inaizungusha injini vizuri, watu ishirini hawataongeza kitu, isipokuwa jasho. Kusukuma kunafaa pale betri au stata imeshindwa, na gari liwe la gia za mkono. Hapo ufunguo uwashwe, gia ya pili iingizwe, klachi ikanyagwe, gari likishapata mwendo klachi iachiwe. Na kumbuka kwamba injini ikiwa imezimika, breki na usukani huwa vigumu, kwa hiyo usijaribu kwenye mteremko wenye watu mbele.

Kwa pikapu ya dizeli, tazama bomba la moshi wakati mwenzako anapiga stata. Hakuna moshi hata kidogo? Basi dizeli haifiki ndani ya injini. Unatoka moshi mweupe? Basi dizeli inafika lakini haiungui. Ukilijua hilo tu, umeshakata kazi nusu.

Kama hakuna moshi, anza na jambo la aibu. Je, tanki lina mafuta? Usiiamini geji, maana geji nazo huzeeka. Gonga tanki au chomeka kijiti safi. Pili, katika Hilux nyingi za zamani, zile zenye injini za 2L, 3L na 5L, ipo swichi ndogo juu ya pampu ya dizeli inayofungua na kufunga mafuta. Mtu awashe ufunguo bila kupiga stata, wewe tega sikio karibu na pampu. Usiposikia "ta" ndogo, tazama fyuzi na waya wa swichi hiyo. Waya mmoja uliochomoka unaweza kulilaza gari siku tatu. Tatu, fungua skrubu iliyo chini ya filta ya dizeli, utoe mafuta kidogo katika chupa nyeupe, uyaache yatulie. Maji ni mazito kuliko dizeli, yatakaa chini, nawe utayaona. Pwani maji huingia kwa urahisi, kwa sababu tanki linalolala nusu tupu hujaa hewa yenye unyevu, na usiku unyevu hugeuka matone. Dizeli ya madumu nayo ina mambo yake. Toa maji yote mpaka dizeli itoke safi, na kama filta imekaa muda mrefu, ibadilishe.

Nne, hewa. Kama mafuta yalikwisha njiani, au ulifungua filta, hewa imeingia katika mabomba. Pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya filta ibonyezwe mara nyingi, ukiwa umelegeza skrubu ya kutolea hewa, mpaka yatoke mafuta yasiyo na mapovu. Kaza, endelea kubonyeza mpaka iwe ngumu, kisha piga stata. Mafundi hulegeza pia nati za mabomba ya nozeli katika injini za zamani. Lakini kwa pikapu mpya zenye pampu inayoongozwa na kompyuta, usiziguse nati hizo kabisa. Mafuta humo hukaa kwa msukumo mkubwa mno, yanaweza kutoboa ngozi na kuingia mwilini, na jeraha hilo ni la hospitali hata kama linaonekana dogo kama la sindano.

Kama moshi ni mweupe na ni asubuhi yenye baridi, tazama hita, zile plagi za kupasha moto. Mtwara si Makete, baridi yetu ni ya kawaida, lakini injini iliyochakaa huihitaji hita hata huku. Ngoja taa ya hita izimike ndipo upige stata. Na usisahau filta ya hewa. Itoe, igonge, uitazame. Kama imejaa salfa na vumbi la msimu, injini itapumua nini?

Kwa pikapu ya petroli, maswali ni mawili: cheche ipo? petroli ipo? Kama gari ni la zamani lenye distribyuta, fungua kifuniko chake ukipanguse kwa kitambaa kikavu. Baada ya mvua au umande wa bahari, unyevu ndani yake unatosha kuzima cheche. Plagi zitolewe zitazamwe. Zikiwa zimelowa petroli, mafuta yanafika na tatizo liko kwenye cheche. Zikiwa kavu kabisa baada ya kupiga stata, mafuta hayafiki. Kwa gari la kisasa lenye taa ya ufunguo kwenye dashibodi, kama taa hiyo inametameta, gari halijautambua ufunguo wako. Jaribu ufunguo wa pili kabla ya kufungua chochote.

Lipo jambo moja la hatari ambalo lazima niwaambie watu wa mabonde ya Ruvuma, Kitaya na Mahurunga. Wakati wa mvua, ukipita katika maji mengi na gari likazimika humo humo, usipige stata, na usisukume. Inawezekana injini imevuta maji kupitia filta ya hewa. Maji hayabanwi kama hewa. Ukilazimisha, mkono wa pistoni unapinda au unavunjika, na hapo huna tena gari, una chuma. Vuta gari mpaka nchi kavu, fungua filta ya hewa. Ukikuta imelowa, mwite fundi atoe nozeli au plagi kwanza ili maji yatoke.

Sasa turudi Magomeni kwa mzee wetu.

Nilimwuliza, "Mzee, ukipiga stata inasemaje?"

"Inasema ta! Basi. Kimya."

"Na taa?"

"Taa nzuri. Honi nayo inalia mpaka watoto wanashtuka."

Ndugu msikilizaji, wewe uliyenifuata tangu mwanzo, tayari umeshajua. Lakini siye mimi niliyemtibu mzee. Alipita kijana mmoja, mpwa wake, anayetengeneza injini za boti za wavuvi. Akasimama, akasikiliza mara moja, akasema, "Mjomba, betri yako haina kosa. Tangu mwanzo haikuwa na kosa. Chumvi hiyo." Akaazima waya wa kubusti, akabana hasi ya betri na chuma cha injini. Stata ikazunguka, gari likawaka papo hapo.

Katika gari lile, hasi ya betri ilifungwa kwenye bodi, na waya mpana ukaiunganisha bodi na injini. Tuliufungua waya huo. Ulikuwa kijani upande mmoja, na mweusi wa salfa upande wa pili. Ulipokunjwa, nyuzi zake zikakatika kama majani makavu. Kwa nini basi betri mpya ilisaidia siku zile za kwanza? Kwa sababu yule aliyeifunga alizitikisa nyaya, na betri ngeni ilikuwa na nguvu ya kulazimisha umeme upite katika nyuzi chache zilizobaki. Nyuzi zilipokwisha, nguvu haikusaidia. Kijana alikata kipande cha waya mnene, akasugua chuma kwa msasa mpaka kikang'aa, akakaza kwa bolti, akapaka grisi. Kazi ya nusu saa.

Mzee alikwenda Nanguruwe. Safari ya kwanza alirudi salama na kupimiwa. Safari ya pili mvua ilimtangulia, akayakuta magunia ya pembeni yamelowa. Jioni aliniambia neno moja tu: "Mwanangu, sikuibiwa na mtu. Nilijiibia mwenyewe kwa haraka."

Simlaumu, na nisingependa nawe umlaumu. Mtu mwenye mzigo shambani na mawingu kichwani humwamini yeyote atakayesema jambo kwa uhakika. Ndiyo maana nimewaletea mazungumzo haya leo, kabla gari lako halijagoma, ili siku hiyo uwe na la kuuliza. Mtu akikuambia, "Nunua betri," mwulize, "Umeipima? Imeonyesha ngapi?" Akikuambia, "Stata imekufa," mwulize, "Umejaribu ethi?" Fundi mzuri hachukizwi na maswali. Na wewe ukimwita, usimwambie tu, "Gari bovu." Mwambie kama injini inazunguka au haizunguki, taa zinafanya nini, moshi upo au haupo, na jambo la mwisho lililofanyika kabla ya kugoma. Hapo utakuwa umempa fundi nusu ya dawa.

Kwa kumalizia, naomba kila mwenye pikapu afanye mambo manne kabla ya msimu wa korosho kuanza mwezi wa Oktoba. Safisha vichwa vya betri. Fungua waya wa ethi, usugue, ukaze, upake grisi. Toa maji katika filta ya dizeli. Safisha filta ya hewa. Vifaa ni spana, msasa, magadi na grisi kidogo. Ni kazi ya asubuhi moja. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa mzee wa Magomeni ulimgharimu magunia mawili na mengine yaliyolowa.